Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Gavana: gari dogo kuukuu lipewe njia

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Mkoa wa Kivu Kaskazini,
Beni.

Mheshimiwa Gavana,

Kabla ya yote naomba radhi. Najua meza yako imejaa, na najua mengi yaliyo juu yake ni habari za watu waliouawa usiku. Tangu Goma ilipoanguka mwezi Januari 2025 na serikali ya mkoa ikahamia Beni, umebeba mkoa mzima ukiwa katika mji ambao wenyewe umekuwa ukizika watu wake tangu 2014. Mtu mdogo kama mimi, katibu wa kikundi cha marafiki wa hapa Butembo wasio na cheo wala sare, hapaswi kukuchukulia hata dakika moja bila sababu. Sababu ninayo, Mheshimiwa, na ninaamini kalamu yako inaweza kulimaliza jambo hili kwa ukurasa mmoja.

Jambo lenyewe linahusu gari dogo kuukuu.

Huenda umewahi kusikia habari za vijana wa Ulaya wanaonunua gari lililochoka, wakaagana na wazazi wao na kuvuka mabara kwa ajili ya hisani. Mwaka 2004 magari sita yaliondoka Uingereza kuelekea Mongolia, na huo ukawa mwanzo wa mbio zinazoitwa Mongol Rally. Sharti lake lilikuwa injini iwe ndogo, isizidi lita moja, na kila timu ichangishe angalau pauni 1,000 za kusaidia wengine. Wafaransa nao wana 4L Trophy: wanafunzi wa vyuo hupanda Renault 4, gari ambalo Ufaransa iliacha kulitengeneza mwaka 1992, wakashuka nalo mpaka jangwa la Moroko wakiwa na madaftari na vifaa vya michezo vya watoto.

Iliyonigusa kuliko zote ni ile ya Plymouth hadi Banjul, iliyoanza mwaka 2003. Kanuni yake ya awali ilitaka gari lisigharimu zaidi ya pauni 100. Hilo gari la pauni 100 hupita Ufaransa, Hispania, Moroko, Sahara Magharibi, Mauritania na Senegali. Likifika Gambia linapigwa mnada, na fedha zinakwenda kwa mashirika ya hisani ya Wagambia wenyewe. Mtu anaendesha zawadi yake mwenyewe wiki nzima na zaidi, analala ndani yake, anaitengeneza inapoharibika, halafu anaikabidhi na kurudi kwao bila gari. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na kila mara moyo wangu unafurahi. Kumbe hisani haihitaji gari jipya wala nembo mlangoni. Inahitaji marafiki watatu wanaovumiliana barabarani, na njia iliyo wazi.

Wale vijana ni watu wema, Mheshimiwa, na wangekuja hapa tungewapikia. Lakini hapa hawaji, na siwezi kuwalaumu. Zamani walikuja. Wazee wa Butembo na Beni wanakumbuka miaka ya 1970 na 1980, wasafiri wa kizungu walipotoka Kisangani na kupita Komanda, Beni na Butembo wakielekea Goma na nchi za mashariki, wamejaa vumbi, wakiuliza wapi pa kupata petroli na ndizi. Hata leo, katika mpango wa njia kuu za Afrika, barabara ya Lagos hadi Mombasa inapita papa hapa, Beni na Kasindi. Lakini hisani ya magari hufuata usalama. Mwaka 2008 mbio kubwa za Dakar zilifutwa baada ya Wafaransa kuuawa Mauritania, na mwaka uliofuata zikahamia Amerika ya Kusini, ng'ambo ya bahari. Ikiwa mashindano yenye helikopta na madaktari yalihama bara zima kwa ajili ya hofu, nani atamshauri mwanafunzi wa miaka ishirini aendeshe Renault 4 kupita Halungupa, kwenye barabara ya Beni na Kasindi?

Basi wa kuwapelekea watu wetu hisani kwa gari dogo kuukuu ni sisi wenyewe. Na ndivyo tunavyofanya.

Niruhusu nikuonyeshe gari letu, kwa sababu nadhani ukiliona utalipenda. Ni Toyota Corolla ya zamani. Nayo imevuka mabara, ingawa hakuna aliyeipigia makofi. Ilitengenezwa Japani, ikatumika huko, ikauzwa Dubai kama mtumba, ikapanda meli hadi Mombasa, kisha ikaja kwa magurudumu yake kupitia Nairobi, Malaba, Kampala na Kasese hadi Mpondwe, ikavuka daraja na kuingia Kasindi. Hiyo ndiyo njia ya karibu kila gari dogo linalotembea mjini kwetu, njia ambayo wafanyabiashara wa Butembo waliifungua kwa akili zao. Usukani wake uko kulia, nasi huku tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo rafiki anayekaa kushoto ndiye macho ya dereva. Tukitaka kulipita lori, yeye ndiye anayechungulia na kusema "ingia" au "ngoja", na maisha ya wote yamo katika neno lake.

Kiti cha nyuma tumekitoa. Magunia ya maharagi tunayalaza sakafuni, karibu na migongo ya watu wa mbele, ili uzito usikae wote nyuma ya magurudumu. Juu yake unakaa unga wa muhogo, halafu sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine, sabuni za mche, chumvi, vitenge na nguo za watoto. Katikati ya springi za nyuma fundi amebana vipande vya tairi kuukuu, ili tumbo la gari lisiburuze kwenye mashimo. Mzigo wenyewe umetoka kwa akina mama wa soko, wengi wao wakitoa bakuli moja la maharagi kila mmoja, na kwa waumini wa parokia mbili. Hakuna tajiri hata mmoja aliyetoa gunia zima peke yake. Ninalisema hilo kwa fahari.

Tunaupeleka Beni, na hali ikiruhusu tunafika Oicha. Wewe unajua kuliko mimi, Mheshimiwa, kwamba wakimbizi wetu wengi hawako kambini. Wako katika nyumba za watu. Familia ya watu saba inapokea familia nyingine ya watu saba, chungu ni kilekile, na hakuna mtu mwenye orodha anayepita mlango hadi mlango. Lori la msaada likifika, hupeleka mzigo mahali penye bendera. Gari dogo linaingia kichochoroni, linasimama mbele ya mlango, na anayeshuka anamwita mwenye nyumba kwa jina.

Hapa naomba uniruhusu nikumbushe jambo zito. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020 tulikuwa na Ebola. Ilitangazwa kwanza Mangina, ikaja Beni, ikaja Butembo na Katwa. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Msaada ulikuja kwa wingi, ndani ya magari makubwa meupe yenye vioo vilivyofungwa, na watu wetu wengi hawakuuamini. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Mwezi Aprili daktari kutoka Kamerun aliyekuja kutuponya akauawa hapa hapa Butembo, katika hospitali ya chuo kikuu. Ni aibu na majonzi ambayo mji huu bado unayabeba. Siandiki haya ili kuwadharau waliokuja na magari meupe, kwa maana walituokoa. Ninachosema ni kwamba ujumbe ulianza kusikika pale ulipopelekwa na mtu anayejulikana mtaani: muuguzi wa karibu, mwalimu, katekista, mama wa kikundi. Imani ya watu ina njia zake, na mara nyingi njia hizo ni nyembamba, zinazotosha gari dogo tu.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe, nami nitaisema kwa sauti ya chini.

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Tarehe 16 Juni 2021 marais wawili, wetu na wa Uganda, walikutana mpakani Kasindi na Mpondwe kuzindua mradi wa barabara za kilomita 223: 80 kutoka Kasindi hadi Beni, hizi 54 zetu, na 89 kutoka Bunagana kupitia Rutshuru hadi Goma. Tuliishangilia siku ile, na hata leo ninaiombea kazi hiyo. Lakini ukweli ni kwamba gari letu linaogopa kilomita hizi chache kuliko lilivyoiogopa safari yote kutoka Mombasa. Mvua ikinyesha, lori moja likikwama linafunga njia kwa kila mtu. Tukipita Maboya hakuna anayezungumza ndani ya gari, maana kila mmoja anakumbuka usiku wa Oktoba 2022, hospitali ilipochomwa moto na sista aliyekuwa daktari akafa humo. Hayo ya matope na hofu tumeyakubali. Ni sehemu ya kuishi hapa.

Lisilokubalika ni bariyeri.

Safari moja, mahali ambapo sitapataja, tulisimamishwa kama kawaida. Tukashuka, tukasalimia, tukafungua mlango wa nyuma. Tukaeleza kwamba mzigo huu si wa kuuza, tukaonyesha barua ya parokia yenye muhuri. Aliyekuwa pale aliisoma barua yote polepole, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba kila mzigo ni mzigo. Pesa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya petroli ya kurudia. Tulipomweleza hivyo, akatuambia basi tuache sabuni. Tukaacha sabuni. Mbele kidogo tukasimamishwa tena, na huko tukaacha chumvi. Mama mmoja aliyewapokea watoto wa dada yake aliyeuawa alipata maharagi na unga bila chumvi, na watoto waliokimbia bila nguo ya pili hawakupata sabuni. Alitushukuru sana. Alishika mikono ya kila mmoja wetu kwa mikono yake miwili. Sikuweza kumwambia kwamba vilikuwapo vingine.

Sina hasira na yule aliyetusimamisha, Mheshimiwa. Anaweza kuwa na watoto, na huenda mshahara wake umechelewa. Mvua inamnyea kama inavyotunyea. Lakini akina mama wa soko waliotoa bakuli moja moja hawakumtolea yeye. Nikirudi kwao na kuwaeleza ukweli, wengine watanyamaza na juma linalofuata hawatatoa tena. Hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Mche wa sabuni unaweza kununuliwa tena. Moyo wa mama aliyezoea kutoa ukishafunga, sijui duka linalouuza.

Wala usidhani kwamba watu wa Butembo hawapendi kulipia barabara. Historia yetu inasema kinyume. Miaka ya 1990, serikali ya Zaire ilipokuwa haifiki huku, wafanyabiashara na Kanisa walichanga kutengeneza njia, na madereva walilipa ushuru kwa hiari kwa sababu waliona kifusi kikimwagwa na mitaro ikichimbwa. Marehemu Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo letu la Butembo-Beni tangu 1966 hadi alipohamishiwa Bukavu mwaka 1997, alituachia chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1989, na alituachia pia tabia ya kufanya kazi ya pamoja bila kungoja mtu wa mbali. Mtu wa hapa akiona pesa yake imekuwa barabara, hulipa na kuongeza. Anachoshindwa kukielewa ni kulipa bila risiti, mara nne katika njia moja, kwa kubeba maharagi ya watu wenye njaa.

Kwa hiyo, nikiwa nimeinamisha kichwa, naleta ombi langu. Naomba ofisi yako itoe hati moja ya kupita kwa magari madogo ya hisani. Iwe ukurasa mmoja, ya bure, yenye muhuri wa mkoa na sahihi yako au ya unayemwamini. Iandikwe namba ya gari, majina ya waliomo, mzigo wenyewe, mahali unakotoka na mahali unakokwenda, na tarehe, ili isitumike mara mbili. Iheshimiwe kutoka Kasindi hadi Butembo na kutoka Butembo hadi Oicha, na yeyote anayesimama kwenye bariyeri, awe wa idara yoyote, ajue kwamba mbele ya hati hiyo mkono haunyooshwi. Chini yake iandikwe namba ya simu ya mtu atakayepokea.

Na pale safari zinapokwenda kwa misafara yenye ulinzi, naomba magari madogo yawekwe katikati. Sasa hivi malori yenye nguvu hutangulia, na sisi wenye injini ndogo tunabaki mkiani ndani ya vumbi. Likizimika gari moja pale mkiani, msafara hauna habari nalo. Anayevizia porini anaujua mkia kuliko sisi.

Nimejaribu kufikiri kama wewe, nikauliza ungeona hatari gani katika ombi hili. Ya kwanza ni usalama. Beni haijasahau tarehe 25 Desemba 2021, mtu alipojilipua kwenye mgahawa siku ya Krismasi, wala Kasindi haijasahau Januari 2023, bomu lilipolipuka kanisani watu wakiwa katika ibada. Kwa hiyo hatuombi tusikaguliwe. Tukaguliwe hata mara mbili. Magunia yafunguliwe, sufuria zipangwe chini, kila mtu aonyeshe kitambulisho. Tutashukuru kwa kila ukaguzi, maana unatulinda sisi kwanza. Ya pili ni udanganyifu: kwamba mtu atachukua hati ya hisani na kuvushia kakao au mbao kwenda ng'ambo. Hofu hiyo ni ya haki, kwa sababu kakao ya Beni imevushwa kwa njia nyingi. Ndiyo maana naomba hati iandikwe mzigo wenyewe, na atakayekutwa na kingine anyang'anywe gari. Tuko tayari letu liwe la kwanza.

Ya tatu ni kwamba jambo ni dogo mno kwa ofisi yako. Hapo naomba nikupinge kwa heshima yote. Wengi wanapima serikali pale inapowagusa kwa mkono, na kwa mtu wa kijijini mkono huo ni ule ulio kwenye bariyeri. Mkoa wetu umekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Watu wanaomba amani, nawe unaitafuta kwa silaha, na huko mimi sina la kushauri. Hili la hati halihitaji risasi wala bajeti. Linahitaji karatasi, muhuri, na amri inayosomwa kwa Kiswahili na Kifaransa katika kila kituo.

Ukilikubali, Mheshimiwa, ninajua kitakachofuata, maana nimekaa na watu hawa. Kuna kikundi cha mafundi gereji chenye gari dogo ambacho kinasita kwa sababu ya bariyeri tu. Kuna walimu wenye madaftari waliyokusanya, yako kwenye masanduku. Kuna kijana wetu mmoja anayeishi Kampala ambaye anataka kuja na wenzake kwa gari lao kuukuu kupitia Mpondwe, wakiwa na dawa za minyoo na vyandarua, halafu waliache gari hilo hilo kwa kituo cha afya, kama wale wa Banjul. Ameniuliza kama njia iko wazi. Nimemwambia angoje kidogo, nimekuandikia.

Nimeambatisha mfano wa hati hiyo, ulioandikwa kwa mkono. Ukiona neno lisilofaa, lifutwe. Nitakuja Beni mwenyewe kuchukua jibu, na nikikuta una wageni nitakaa nje mpaka waishe, bila kunung'unika. Kama jibu ni hapana, naomba pia niambiwe, ili tupange mzigo ujao kwa kuongeza sabuni na chumvi ya kuacha njiani.

Naomba Mungu akulinde wewe, familia yako na askari walio chini yako.

Wako mtiifu, kwa heshima kubwa,

Katibu wa kikundi cha marafiki wa gari dogo,
Komine ya Kimemi, Butembo.